"Simba hangurumi tena": jibu kwa Mama Rehema wa Mtopanga

Mama Rehema wa Mtopanga, Kisauni, Mombasa, ameniletea swali hili, nami nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu, shikamoo. Tuna mbwa wetu Simba, chotara wa Jamani Shepadi, miaka 4. Mchana hufungwa mnyororo chini ya mwembe, usiku hufunguliwa alinde. Mwezi uliopita alimrukia kijana wa mkokoteni wa maji akamchania suruali. Wiki tatu zilizopita Baba Rehema alileta mtoto wa mbwa kutoka Mtwapa, wa wiki 6, watoto wakamwita Kaimati. Simba alimngurumia kwenye sahani. Mara ya pili alimlaza chini, mtoto akapiga mayowe, mume wangu akamtia Simba bakora. Namshukuru Mungu tangu siku hiyo hangurumi tena, humwangalia tu. Shemeji anasema bado tumwonyeshe nani mkubwa: tumpindue chali, tumtie mkono kwenye chakula. Jirani anataka tumwondoe kabisa. Kaimati naye analia usiku, anakojoa kwenye mkeka, anawauma watoto miguu. Watoto wangu wana miaka 7 na 11. Je, nimuuze Simba au nimrudishe Kaimati?"

Marahaba, Mama Rehema. Umeuliza mengi na yote nitayafikia, lakini kuna sentensi moja uliyoiandika kwa shukrani nami nikaisoma mara tatu kwa hofu: hangurumi tena, humwangalia tu. Laiti ungeniambia bado ananguruma, ningelala vizuri zaidi.

Kunguruma ni maneno. Mbwa anasema: umenikaribia sana, rudi nyuma. Kwa mnyama mwenye meno 42, hiyo ni heshima kubwa, maana angeweza kuuma bila kusema lolote. Simba alisema mara ya kwanza, hakusikizwa. Mara ya pili akamlaza Kaimati chini, na katika barua yako hukutaja jeraha hata moja. Jibwa la kimo chake likitaka kumuumiza kijibwa cha wiki 6 halikosi, kwa hiyo hata hapo alijizuia. Kisha akapigwa. Unadhani alijifunza kwamba Kaimati ni ndugu yake? Alijifunza kwamba Kaimati akisogelea sahani, bakora nayo iko njiani. Sasa ana sababu mbili za kutomtaka, na njia ya kusema ameondolewa.

Haya sikuyasoma tu. Nilianza kazi ya mbwa nikiwa kijana, katika kampuni ya ulinzi ambayo sitaitaja, tukilinda maghala upande wa Changamwe. Tulifundishwa kwamba mbwa akimngurumia mshikaji, unavuta mnyororo wa shingo mpaka anyamaze. Nilipewa jike mmoja mweusi aliyekuwa analinda bakuli lake. Nilimnyamazisha kwa wiki mbili, nikasifiwa. Wiki ya tatu mwenzangu aliinama kuokota bakuli, na yule jike akamshika mkono akausaga. Vidole viwili vya yule bwana havikunjiki mpaka leo. Watu walisema mbwa ameuma ghafla, bila onyo. Onyo lilikuwapo kwa wiki nyingi. Niliyeliondoa ni mimi.

Kwa hiyo Baba Rehema aiweke bakora juu ya dari na isishuke tena. Simlaumu. Aliona kijibwa kinalia na watoto wanalia, akafanya alichofundishwa na kila mtu. Lakini wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na hapo kwenu wapo watoto wawili.

Leo usiku, kabla ya kufunza chochote, watenganishe. Hiyo si adhabu kwa yeyote, ni kama unavyoweka kiberiti juu ya kabati. Nyumba nyingi za Kisauni zina kitanda cha kamba kuukuu kimeegemezwa ukutani huko nyuma. Kichukue, kilaze ubavu kwenye mlango wa jikoni unaotokea uani, ukikaze kwa mitungi miwili ya maji ya lita 20, mmoja kila upande. Mahali kamba zilipolegea funga wavu wa kuku. Mbwa wataonana, watanusana, watazoea harufu, na meno hayatapita. Simba akitaka kukiruka atakiruka, kwa hiyo kitanda hicho ni cha wakati wewe upo na macho yako yapo. Ukitoka kwenda sokoni, Kaimati awe chumbani na mlango umefungwa.

Chakula kila mmoja mahali pake, mlango umefungwa kabisa, na sahani huondolewa wakimaliza. Kagua ua pia. Mfupa mmoja uliosahauliwa mchangani chini ya mwembe unatosha kuleta vita. Na Rehema na mwenzake wasimsogelee Simba anapokula wala anapolala. Hili wasiambiwe tu, mtu mzima awepo kulisimamia, kwa sababu mtoto wa miaka 7 husahau, na kusahau ni haki yake.

Sasa sahani yenyewe. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo penye kazi.

Chemsha maini ya ng'ombe, yakipoa yakate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Simba mpe chakula chake cha kila siku, sima na dagaa, kitu cha kawaida tu. Wewe uwe mbali, nyuma ya pembe ya nyumba, hatua 10 hivi. Kaimati awe ndani, haonekani wala hasikiki. Simba akishaanza kula, tokea pale pembeni, akuone. Mara tu akikuona, mrushie kipande cha maini kidondoke karibu na sahani, geuka, ondoka. Hesabu mpaka 20. Tokea tena, rusha, ondoka. Mara tano kwa mlo mmoja, kisha mwache ale kwa amani.

Mpangilio ni huo na usigeuzwe: unatokea, maini yanakuja, unaondoka. Kosa ninalolikuta nyumba baada ya nyumba ni mtu kurusha maini kwanza halafu ndipo anasogea. Ukifanya hivyo mara kumi, mbwa anajifunza kwamba maini ni dalili ya kuvamiwa, na utamwona anakunja uso hata kwa nyama.

Mtazame mwili wake wala usimwangalie usoni. Unataka kumwona akiinua kichwa, masikio yamelegea, mkia unayumba pamoja na kiuno chote, anatafuta mkono wako uko wapi. Ukiona amegandama, mdomo umebaki ndani ya sahani lakini hatafuni, uko karibu mno. Ukiona anakula mbio kama anayefukuzwa, uko karibu mno. Weupe wa jicho ukitokea pembeni, naye kichwa hakigeuzi, rudi nyuma polepole hatua nne na siku hiyo uishie hapo. Mkia nao usikudanganye: ulioinuka juu, umekauka na unatetemeka kidogo nchani si mkia wa furaha. Hayo uliyoyaita "humwangalia tu" ndiyo haya ninayokueleza. Simba bado anasema, ila sasa ananong'ona, na inabidi mwenye nyumba awe na macho badala ya masikio.

Milo mitatu mfululizo ikipita naye akikutafuta kwa furaha, punguza nusu hatua. Nusu tu. Mbwa wengine humaliza kazi hii kwa wiki tatu, wengine miezi mitatu, na Simba amepigwa kwenye sahani, basi usimhesabie siku. Ufanye wewe mwenyewe kwanza. Baba Rehema aingie baadaye, aanzie mbali kuliko wewe, kwa sababu mkono wake ndio Simba anaoukumbuka. Watoto wasifanye zoezi hili.

Ukishaweza kupita hatua mbili karibu naye na mkia ukacheza, ndipo Kaimati aingie kwenye hesabu, na aingie kutoka upande wa pili wa kile kitanda, ameshikwa na mtu mzima, mbali. Kaimati akitokea, maini yanamnyeshea Simba. Kaimati akiondolewa, maini yanakatika. Baada ya muda Simba mwenyewe atachungulia mlangoni kuuliza yule mdogo yuko wapi. Nimeliona hilo mara nyingi na bado hunifurahisha kila mara. Lakini hata likitokea, endelea kuwalisha mbalimbali. Hakuna sheria inayosema mbwa wawili lazima wale sahani moja.

Rai ya shemeji ya kumpindua chali nimeisikia tangu utotoni, na ina historia. Mwaka 1947 mtafiti Rudolph Schenkel alichapisha aliyoyaona kwa mbwamwitu waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wanyama wasiojuana, wamewekwa pamoja kwenye ua mmoja, wakagombana, na kutoka hapo likazuka wazo la dume kubwa linalotawala kwa nguvu. David Mech wa Marekani alilieneza zaidi mwaka 1970. Mech huyo huyo baadaye alikwenda kukaa na mbwamwitu wa porini katika kisiwa cha Ellesmere, Kanada, majira baada ya majira, akakuta kwamba kundi ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Mwaka 1999 akaandika waziwazi kwamba fikra ile ya zamani haifai. Mwenye kuieneza ameiacha, shemeji bado anayo. Mwambie kwa adabu. Na mwambie kwamba mbwa mwenye hofu akipinduliwa chali, uso wa anayempindua uko kimo kimoja na meno.

Kutia mkono kwenye chakula, Mama Rehema, ni hivi: uko harusini, sinia la biriani limewekwa, umeshaanza kula, na mtu ambaye hali anatia vidole kwenye wali wa mbele yako kila unapotaka kumeza, eti akuzoeshe. Utazoea? Na kama kuna mtu anamtilia Simba pilipili kwenye sima ili awe mkali, jambo ambalo hufanywa mitaani, liachwe leo. Huleta maumivu ya tumbo, na mbwa mwenye maumivu huuma haraka.

Ndipo nije kwenye mnyororo. Mbwa aliyefungwa chini ya mwembe kutoka asubuhi mpaka magharibi huona kila kinachopita na hakifikii hata kimoja. Tuktuk, mbuzi, watoto wa shule, kijana wa maji. Kila kimoja humshtua, naye hana pa kukimbilia, basi hubaki na njia moja: kubweka na kuruka mpaka mnyororo umrudishe kwa shingo. Kisha kijana wa maji anaondoka, kama alivyokuwa aondoke tu. Simba anahesabu: nimemfukuza. Amefanya hesabu hiyo kila siku kwa miaka 4. Siku alipokuwa hajafungwa akatimiza.

Badala ya mnyororo mjengee ua wa boriti na wavu nyuma ya nyumba, mahali asipoona barabara, penye kivuli na maji. Upana wa chumba kidogo cha kulala unatosha kuanzia. Na atoke. Dakika 30 asubuhi na 30 jioni, kwa kamba ya mita mbili au tatu, anuse anachotaka kunusa. Pua ikifanya kazi mbwa hutulia kuliko akikimbizwa. Chagua saa: baada ya swala ya alfajiri na baada ya magharibi. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, joto letu hupita nyuzi 32 na hewa imejaa unyevu. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na hewa yenye unyevu huifanya kazi hiyo iwe ngumu. Weka mgongo wa mkono wako kwenye saruji. Ukishindwa kuuacha kwa sekunde saba, nyayo zake nazo zitaungua.

Kuhusu kijana wa mkokoteni, nina swali kabla ya ushauri: jino lilifika kwenye ngozi? Kama lilifika hata kama ni mkwaruzo, nenda ukamuulize hali yake. Simba yu mzima zaidi ya siku 10 baada ya tukio, na hilo latuambia hakuwa na virusi vya kichaa cha mbwa kwenye mate yake siku ile. Hata hivyo kadi yake ya chanjo itafutwe. Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Sheria yetu ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, ipo, na Kenya ina mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuumaliza ugonjwa huu, lakini mpango hauwezi kumchanja Simba kama Simba hapelekwi. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, saa itazamwe, kisha hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano, na mfululizo wa sindano usikatizwe. Lisitiwe pilipili, mafuta wala majivu. Mfereji wenu ukiwa mkavu, tumia mtungi. Dalili za kichaa zikianza kwa binadamu, tiba hakuna, ndiyo maana nasema haya bila kupunguza hata neno.

Na suruali ya yule kijana, kama hamjamlipa, mlipeni. Kisha panga naye saa ya kuleta maji, Simba awe ameshaingia uani kabla gurudumu halijasikika. Baada ya hapo unaweza kumfunza: mkiwa matembezini, mkokoteni ukionekana mbali kabisa, pale ambapo Simba ameuona lakini bado anaweza kutafuna, mpe maini mfululizo mpaka upite. Kama hatafuni, mmekaribia mno, geukeni. Ni somo lile lile la sahani, limehamia barabarani.

Mpeleke pia kwa daktari wa mifugo. Mbwa wa pwani wana kupe wengi, na homa za kupe humfanya mbwa awe mnyonge, mwenye maumivu, asiyetaka kuguswa. Meno nayo yaangaliwe, masikio yaangaliwe. Nimewahi kuitwa kufunza mbwa "mkali" kumbe ana jipu sikioni. Kabla ya safari hiyo mzoeshe kikapu cha mdomo, kile chenye matundu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Paka samaki kidogo ndani, aingize pua mwenyewe, atoe mwenyewe, siku tano au sita, ndipo ukifunge. Usimfunge mdomo kwa kamba kwenye joto letu.

Tuje kwa Kaimati, ambaye sasa ana wiki 9.

Alitolewa kwa mama yake mapema. Wiki 8 ndiyo ingekuwa sawa, kwa sababu ni kwa kucheza na ndugu zake kijibwa hujifunza nguvu ya meno yake: akiuma sana, mwenzake hulia na mchezo hukatika. Kaimati hakumaliza somo hilo, na ndiyo maana miguu ya watoto wenu inateseka. Mtamaliza nyinyi. Akiuma mguu, mguu usimame kama mti, mtoto anyamaze, asipige kelele wala kukimbia, kwa maana mguu unaokimbia ni mchezo mtamu kupita yote. Mtu mzima ampe kitu cha kutafuna badala yake. Akirudia, mchezo unaisha kwa dakika moja: watu wanaondoka, yeye anabaki. Kipande cha leso kuukuu kilichofungwa fundo, kikaloweshwa na kugandishwa kwenye friji, humpoza fizi. Akae nacho mkiwapo, asije akameza nyuzi. Meno yake 28 ya utoto yataanza kung'oka karibu miezi 4, kwa hiyo viatu vipandishwe juu kwa miezi kadhaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, hupasuka kama vijiti, na miiba ya samaki pia.

Mkojo si ujeuri. Kibofu cha wiki 9 ni kidogo. Kadirio tunalotumia ni umri wa miezi ukiongeza moja, hizo ndizo saa anazoweza kujizuia, kwa hiyo Kaimati ana kama saa 3 akiwa ametulia, na chini ya hapo akicheza. Mtoe kila akiamka, kila akimaliza kula, kila akimaliza kucheza, na usiku mara moja au mbili. Mpeleke pale pale kila mara, subiri kimya, akikojoa tu mpe maini hapo hapo, usisubiri mrudi ndani. Akikojoa kwenye mkeka, osha kwa maji na siki, na usimsugue pua. Atakachojifunza ni kukojoa nyuma ya kabati usipomwona.

Kilio cha usiku ni cha mtoto aliyelala katika rundo la ndugu zake maisha yake yote, kisha akawekwa peke yake gizani. Muweke ndani ya boksi karibu na mtu anayelala, na kitambaa chenye harufu ya watu wa nyumba. Siku kadhaa tu. Mkono ukishuka ukamgusa, hujamdekeza.

Kisha kuna jambo lenye saa yake, na saa hiyo inakwenda. Watafiti John Paul Scott na John Fuller walichunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Maine, na wakaonyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, mbwa huamua dunia ina nini cha kawaida na nini cha kutisha. Baada ya hapo mlango haufungwi kabisa, lakini unakuwa mzito. Nadhani mlango wa Simba ulikuwa mzito akiwa amefungwa chini ya mwembe. Wa Kaimati bado uko wazi kwa wiki tatu, nne.

Tatizo ni kwamba chanjo zake hazijakamilika. Zile za parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na virusi vya parvo hukaa mchangani miezi mingi. Kwa hiyo asikanyage barabara. Lakini nani kasema lazima akanyage? Mtie kwenye kikapu cha ukili, mkae naye kando ya barabara ya Mtopanga nusu saa jioni. Aone tuktuk, boda boda, mwanamke mwenye buibui, mzee wa kanzu na bakora, mtu mwenye mwavuli, mbuzi, hamali mwenye gunia begani, na hasa mkokoteni wa maji. Asikie adhana na honi za matatu. Kila kipya kikipita, kipande cha maini. Akijificha, sogeeni mbali, msimlazimishe. Fanya hivyo kila siku uwezayo na baada ya mwaka utakuwa na mbwa asiyejua kwa nini mkokoteni ungemkera mtu. Dawa ya minyoo naye apate kila wiki mbili mpaka miezi 3. Hilo ni kwa ajili ya watoto wako pia, wanaotembea peku mchangani.

Jirani yako sijui ni nani, lakini Mtopanga naijua kiasi, na nahisi kuna jambo hukuliandika. Mimi ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii kama wengi wa hapa, na mbwa ndio riziki yangu. Mate ya mbwa kwetu ni najisi: kilichoguswa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Mtu anayetoka kutia udhu kwenda msikitini, mbwa akimgusa kanzu kwa pua mbichi, umempa kazi kubwa dakika tano kabla ya swala. Hakuchukii wewe. Basi Simba asiwe barabarani watu wanapokwenda alfajiri, utoke naye watu wakisharudi. Ukikutana na mtu njia nyembamba, mfupishe kamba, usimame pembeni, mwache apite. Nenda ukamwambie jirani kwamba unajenga ua na saa za matembezi ni hizi. Kufuga mbwa wa ulinzi kumeruhusiwa, na Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwinda mliowafunza. Mzee mmoja wa Kongowea aliponiambia kazi yangu haifai, nilimsomea aya hiyo nikiwa nimesimama mbali na kanzu yake. Tukaelewana.

Umeuliza umuuze Simba au umrudishe Kaimati. Kaimati usimrudishe, safari nyingine katika wiki hizi itamuumiza bure. Simba usimuuze kwa mtu usiyemjua, kwa sababu anayenunua mbwa "mkali" hununua ili amfunge mnyororo mfupi zaidi. Mpe miezi mitatu ya haya niliyoeleza. Lakini nitakuwa mkweli: akimtoboa ngozi mtoto wako, au akimwinda Kaimati hata mahali pasipo na chakula wala mfupa, akimfuata kwa mwendo wa kunyemelea na mwili umeinama, usijaribu zaidi. Hapo atahitaji nyumba isiyo na watoto wala mbwa mwingine, yenye mtu anayejua alivyo kwa kila undani, na daktari wa mifugo ashirikishwe. Wewe hutakuwa umeshindwa kwa hilo.

Huenda wiki ya tatu au ya nne, unapopunguza ile nusu hatua, utamsikia Simba akinguruma tena, chini kwa chini. Usimgombeze, na Baba Rehema asiinuke. Rudi ulikotoka, hatua mbili, umrushie maini yake, kisha uniandikie siku hiyo hiyo. Nitafurahi.